Aliyeshuka Kupumzika

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Novemba mwaka 2017, saa kumi alasiri, kilifunguliwa kikao cha kawaida cha Baraza Kuu la Wasiokuwa na Haraka. Hilo ndilo jina kamili la benchi letu, nami nalisisitiza kwa sababu wapo wanaoliita "pale kwa kinyozi", jambo ambalo si sahihi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi saa, nalo linatazamana na duka la dobi ng'ambo ya mtaa, ambaye nyumba yake iko juu ya duka hilo. Wajumbe wake ni hawa: Wembe, ambaye ni kinyozi, na hakuna kichwa kilichopita mikononi mwake kikaondoka na siri; Dakika, fundi saa, mwenye lenzi ya jicho moja na maneno machache; Mama Birika, mwuza kahawa, ambaye hakai bali hutawala; na mimi, karani mstaafu wa daraja la kwanza, niliyekabidhi ofisi tarehe 30 Juni 1998, ambaye wenzangu wamenibandika jina la Mzee Muhuri. Mjumbe wa tano ni dobi, tunayemwita Pasi. Huyo alikuwa ameadimika karibu wiki mbili kwa wingi wa kazi. Jumamosi hiyo alivuka mtaa akijifuta jasho, akajitupa mwisho wa benchi, upande wa kona.

Mama Birika: Sogea, Pasi. Hapo pana mwenyewe.

Pasi: Benchi limekuwa na hati miliki siku hizi?

Mama Birika: Hapo ni pa mwanao. Halafu inukeni wote, nani kakalia kikombe changu? Nina vikombe sita, naona vitano.

Tuliinuka, tukatazama. Kikombe hakikuwapo. Pasi alikuwa wa kwanza kushangaa, lakini si kwa ajili ya kikombe. Alijishika suruali kwa nyuma.

Pasi: Mbona hapa pamelowa?

Wembe: Umri huo, ndugu yangu. Usione haya.

Pasi: Acha masihara. Nani amemwaga maji?

Mama Birika: Nimepafuta leo, nikapafuta jana. Nadhani ni Dakika na kopo lake la kuoshea vyuma.

Dakika: Mimi natumia mafuta ya taa.

Pasi alisogea karibu nami, akapokea kikombe chake, akapuliza.

Pasi: Umesema hapa ni pa mwanangu. Mwanangu yupi?

Wembe: Unao wangapi? Huyu wa mtihani, mwanafunzi. Kaondoka sasa hivi, wewe ukivuka huku yeye anapinda kule kwenye ngazi zenu. Nusura mgongane.

Pasi: Mwanangu yuko juu anasoma.

Wembe: Anasoma, nani kakataa? Ila mapumziko yake huyafanyia hapa. Na tukupe hongera, bwana, umelea. Watoto wa siku hizi wakikwambia wanapumzika, wametoka kwenye kitabu wameingia kwenye simu. Hiyo si kupumzika, hiyo ni kubadilisha bosi.

Dakika: Wako hana simu. Anatazama mbali, mpaka kule mwisho wa mtaa. Jicho lililoshinda karibu lipewe mbali. Mimi nikivua lenzi hufanya vivyo hivyo.

Mama Birika: Tena haongei. Anakaa, anawasikiliza hawa na upuuzi wao, akitosheka anaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Ni nyie ndio mngejifunza.

Niliona inafaa kuongezea, kwa faida ya wote, kwamba pumziko lenye manufaa ni lile lenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Ofisini kwetu kengele ya chai ilianza kutumika mwezi Machi 1969. Kabla ya hapo watu walikunywa chai kutwa na bado walichoka. Baada ya hapo walikunywa mara moja na kazi ikaenda.

Wembe: Umesikia? Hata Mzee Muhuri amempigia muhuri.

Pasi alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayejua kwamba anataniwa, ila hajajua mzaha unaelekea wapi.

Pasi: Haya, mmenipata. Kavaa nini basi huyo mwanangu?

Mama Birika: Gauni la bluu, kola nyeupe. Lile la shule.

Kicheko kikakatika. Pasi alikiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka pasi ya moto juu ya hariri.

Pasi: Lile gauni liko kwangu. Nimelifua tangu juzi, alivae Jumatatu. Liko kwenye kamba chumba cha nyuma, na kwa mvuke ule wa pasi halijakauka. Nimeliacha linachuruzika.

Hakuna aliyetazama mwisho wa benchi, ingawa sote tulijua kwamba pale pamelowa.

Wembe: Labda ana la pili.

Pasi: Hana la pili. Na hata angekuwa nayo kumi, angetokaje?

Aliingiza vidole ndani ya kola ya shati, akavuta kamba ya kiatu iliyokuwa shingoni mwake. Mwishoni mwa kamba ulining'inia ufunguo mmoja mpya.

Pasi: Namfungia. Tangu Jumapili tarehe 22. Asubuhi namfungulia, anaoga, anakula. Jioni vivyo hivyo. Katikati hapo ni yeye na vitabu. Kufuli ni jipya, ufunguo ni huu, na hauvuliwi hata nikilala.

Mama Birika: Umemfungia mtoto kama shati kabatini?

Pasi: Nimemfungia kwa mapenzi! Mwaka jana mnajua kilichotokea. Kila ukimwuliza, "napumzika kidogo, baba." Kidogo hicho kikazaa kidogo. Mara simu, mara mashoga, mara usingizi. Akafeli. Safari hii ni ya pili na ya mwisho, hakuna ya tatu. Anataka uuguzi, mama yake analia uuguzi, mimi nimeapa kwa pasi yangu atapata uuguzi. Mapumziko ndiyo yaliyomfelisha. Basi nimeyafungia nje.

Ilikuwa hoja iliyopangika, na ofisini ningeipokea. Lakini kila alasiri kwa muda wa karibu wiki mbili tulikuwa tumekaa na yale aliyoyafungia nje.

Wembe: Tulia, kila kitu kina maelezo. Pengine una mwingine nje, Pasi. Sema tu. Hapa ni baraza, si msikitini wala kanisani.

Pasi: Nitakupiga, Wembe.

Wembe: Nauliza! Anafanana naye kama kopo na kifuniko chake. Basi tuseme ni yeye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndiyo maana wiki ya mtihani sinyoi wanafunzi. Sasa huyu akili zimekuwa nyingi, zimeota nje ya kichwa, zinashuka zenyewe.

Dakika: Mwenda pole hajikwai.

Mama Birika: Hiyo inahusu nini?

Dakika: Miguu yake. Nimekaa hapa siku zote hizi, sijasikia viatu vyake kwenye ngazi. Zile ngazi ni za bati. Paka akipita nasikia.

Mtaani mtu mmoja alipita akisukuma baiskeli, akatusalimu, na sote tukamwitikia kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Dakika: Niliwahi kuletewa saa ya ukutani. Mwenyewe aliihofia kuchelewa, akawa anaijaza ufunguo asubuhi, mchana, jioni. Springi ikakaza mpaka mwisho. Mishale ikasimama. Lakini kengele ikawa inalia kwa wakati wake, kila saa, bila mashine. Nilifungua, sikuona kinachoigonga.

Wembe: Ukafanyaje?

Dakika: Niliilegeza. Ikanyamaza, halafu ikaanza kwenda. Huyu binti mishale yake iko juu. Kengele ndiyo inashuka kwetu.

Wembe: Sasa umenikumbusha! Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mtoto anachuma kitabu, kivuli chake kinashuka hapa kulia. Mnaona alivyokuwa mnyonge?

Nililazimika kuingilia. Nilimweleza Wembe kwamba "hulia" katika methali hiyo linatokana na kula, wala si kulia machozi. Maana yake ni kwamba aliyefanya kazi juani atakula matunda yake kivulini.

Wembe: Haya, anakula au analia, yuko kivulini. Na mimi nilimwona na kivuli? Wewe ulimwona na kivuli?

Mimi niliwasimulia jambo nililolishuhudia. Mwaka 1974 tulikuwa na mkuu wa idara aliyekuwa akitundika koti lake kwenye kiti kila asubuhi, kisha anatoka kwa shughuli zake. Mgeni akija anaambiwa, mkuu yupo, koti lake lile pale. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, mpaka wapo waliokuwa wakilisalimu koti. Nikasema kwamba huenda binti alijifunza siri hiyo bila kufundishwa. Ameliacha koti kitini, mbele ya kitabu, na mwenyewe ametoka.

Pasi: Koti ni nini hapo, Mzee Muhuri?

Nikamwambia koti ni mwili.

Pasi: Mungu wangu.

Mama Birika: Nyie wanaume mnapenda kuzunguka mbuyu. Mie nimemmiminia kahawa siku zote hizi, nimemtazama usoni. Yule si kivuli wala kengele. Yule ni pumziko lake. Kila mtu anazaliwa na lake. Wewe umelifungia nje, limekaa mlangoni linangoja liitwe, haliitwi, limechoka, limeshuka kutafuta pa kukaa. Likatukuta sisi, watu ambao hatufanyi chochote. Lingekwenda wapi kwingine?

Wembe: Asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu hayupo na kikombe chake kipo.

Mama Birika: Kikombe chake ndicho hakipo! Nilimpa leo kama kawaida, nimegeuka kukoleza moto, ameondoka nacho.

Wembe alikuna kidevu chake ambacho hakijawahi kunyolewa vizuri. Nilijua linakuja jambo lisilofaa, maana Wembe akikuna kidevu hufikiri kwa sauti.

Wembe: Sasa, kama pumziko linashuka na mwenyewe anabaki... siku likinogewa huku, likakataa kurudi? Yule wa juu si ndiyo atakuwa amepumzika...

Mama Birika alimpiga kofi la mgongo hata kahawa ikamwagika.

Mama Birika: Funga mdomo! Neno hilo husemwa msibani!

Ni kweli. Katika lugha yetu neno hilo lina milango miwili. Tunasema amepumzika kwa mtu aliyejinyoosha mkekani, tunasema amepumzika kwa mtu aliyebebwa begani, na herufi ni zile zile. Nimeandika barua rasmi maisha yangu yote, na kila nilipofika kwenye neno hilo nilisimamisha kalamu. Pasi naye alilisikia kwa mlango wa pili. Uso wake, ambao daima ni mwekundu kwa joto la makaa, ulipauka.

Mama Birika: Inuka ukafungue.

Pasi: Nitafungua jioni. Jioni ndiyo saa yake.

Mama Birika: Inuka, Pasi.

Pasi: Mnasema inuka, inuka! Nyie hamna ufunguo. Nikifungua nikamkuta yumo, basi huyo aliyekuwa akikaa hapa ni nani, na nitalala vipi? Na nikifungua nisimkute, nitamwambia nini mama yake? Aliniachia mtoto akaenda kumtunza dada yake aliyejifungua. Aliniambia, "Mume wangu, hakikisha anapumzika." Nikamjibu, "Wewe nenda, mimi ndiye baba yake."

Aliushika ufunguo kwa ngumi, kama mtu anayezuia usijifungue wenyewe. Ndipo Dakika, ambaye methali zake kwa kawaida humwangukia kando, alipovua lenzi jichoni na kusema kwa upole.

Dakika: Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Pasi ili ampe nguvu za kuondoka. Yalitoka masimbi matupu, mashapo ya kahawa. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kanuni za baraza letu kahawa ikiisha kikao kimefungwa, hakuna mwenye ruhusa ya kuendelea kukaa. Pasi alisimama. Aliniangalia mimi, si Wembe, nikaelewa kwamba anahitaji shahidi mwenye akili timamu. Nikafunga vifungo vya koti, tukavuka mtaa.

Ngazi za bati zililia chini ya viatu vyetu kwa namna ambayo sijapata kuisahau. Kwenye kibaraza cha juu Pasi aliweka sikio mlangoni. Akaniashiria nami niweke. Ndani palisikika ukurasa ukifunuliwa. Kimya. Kisha ukurasa mwingine. Kimya cha urefu ule ule. Kisha mwingine.

Pasi: Mwanangu?

Ukurasa ukafunuliwa.

Pasi: Binti yangu, ni baba. Umepumzika?

Ukurasa. Pasi aliutia ufunguo kwenye kufuli. Kufuli likafunguka.

Binti alikuwamo. Alikuwa ameketi mezani, mgongo umenyooka, amevaa gauni la nyumbani la maua, macho wazi yakitazama kitabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukifunua kurasa, mmoja baada ya mwingine, mpaka jalada la mwisho; hapo ukakigeuza kitabu chote na kuanza upya. Hakugeuka kututazama. Pasi alimgusa bega, akauondoa mkono haraka.

Pasi: Amepoa. Amepoa kama pasi iliyozimwa.

Alimwita kwa jina lake la utotoni. Akamwita kwa jina la bibi yake. Akamtikisa. Kurasa zikaendelea. Sijui ni nini kilichonituma, pengine ni mazoea ya mtu aliyefunga majalada maisha yake yote. Nilinyoosha mkono, nikakifunga kitabu.

Hapo ndipo alipopumua. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Macho yakapepesa, yakamwona baba yake, kisha yakaniona mimi, na hakushangaa hata kidogo kunikuta chumbani mwake.

Binti: Shikamoo, Mzee Muhuri. Kumbe mmenifuata?

Nikaitikia marahaba. Pasi alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, analia bila kujificha.

Pasi: Mwanangu, ulikuwa wapi?

Binti: Nilikuwa napumzika, baba. Mwalimu alituambia tulipofunga shule: ukichoka, usipumzikie mezani. Ondoka. Nenda mahali wanapoongea mambo mengine, kaa kidogo, kisha urudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Basi nikawa nafumba macho, nafungua mlango kwa akili, nashuka ngazi, nakaa benchini. Siku za kwanza ilikuwa kazi. Siku hizi ni rahisi. Kigumu ni kurudi.

Pasi alivua kamba shingoni, akatafuta msumari, akautundika ufunguo kwenye mlango, upande wa ndani. Kisha akamshika binti mkono, akaanza kushuka naye. Mimi nilibaki nyuma kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeona mezani kitu kimoja ambacho Pasi hakukiona. Nitakitaja mahali pake.

Wembe alipotuona tukivuka mtaa alisimama wima kama askari. Dakika hakututazama sisi. Alitazama miguu ya binti, akawa anaitikia kwa kichwa kila viatu vilipogonga lami. Binti hakuuliza akae wapi. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akapapasa ubao, akakunja uso kwa ule unyevu, akaketi.

Binti: Mjomba Wembe, samaki analala.

Hapa inabidi nifafanue. Alhamisi, tarehe 2 Novemba, baraza lilibishana mpaka koo zikakauka kama samaki analala au halali. Wembe alishikilia kwamba halali, kwa hoja kwamba hajapata kuonekana samaki aliyefumba macho. Siku hiyo Pasi alikuwa dukani kwake, na mlango wa juu ulikuwa na kufuli.

Wembe: Nani... nani kakwambia habari za samaki?

Binti: Analala macho wazi, mjomba. Hana kope tu. Liko kwenye kitabu changu. Nilitaka kukwambia siku ile ile, lakini sikuwa nimeshuka na sauti.

Wembe aliketi.

Mama Birika alijipa shughuli, akalitikisa birika ambalo alijua ni tupu, akaliweka, akalitikisa tena.

Mama Birika: Mwanangu, kahawa imekwisha. Ungekunywa hata tone.

Binti: Usijali, mama, nimeshakunywa. Ila nilikuwa nataka kuuliza.

Pasi: Uliza, mwanangu. Uliza chochote.

Binti: Nilikuwa natia sukari?

Mama Birika alifungua kinywa. Akamtazama Dakika. Dakika akamtazama Wembe, Wembe akanitazama mimi. Watu wanne tulikuwa tumeketi naye bega kwa bega karibu wiki mbili, tukamsifu kwa kila jambo, tukatengeneza juu yake nadharia za kivuli, za kengele na za koti, na hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kama mkono wake ulifika kwenye kopo la sukari.

Binti: Nauliza tu, kwa sababu sijawahi kunywa kahawa.

Kikao kilifungwa hapo.

Kesho yake, Jumapili, alishuka mwenyewe, kwa viatu vyenye sauti. Hakuwa na kitabu. Alitazama mbali, akamcheka Wembe, akamwuliza Dakika habari za saa, na alipotosheka akaondoka bila kuaga, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama Birika alimmiminia maji kwenye bilauri. Kando ya bilauri hiyo aliweka kikombe kimoja cha kahawa, akakiacha pale mwisho wa benchi. Hakuna aliyemwuliza ni cha nani, na sote tulijibana ili pabaki nafasi ya watu wawili. Jumatatu tarehe 6 aliingia mtihanini akiwa na gauni la bluu lililokauka na kunyooshwa hata lingeweza kusimama lenyewe.

Sasa, nimelazimika kuandika haya kwa sababu Wembe amekuwa akiwasimulia wateja kisa hiki kwa namna yake, na mteja aliyefunikwa shuka hana uwezo wa kubisha. Anasema kwamba tulipofungua mlango chumba kilikuwa kitupu. Si kweli, binti alikuwamo, nami nilikifunga kitabu chake kwa mkono huu. Anasema kwamba binti aliongoza mtihani nchi nzima. Si kweli, matokeo yalisomwa benchini Jumanne tarehe 30 Januari 2018, alifaulu kwa kiwango kinachotakiwa na chuo cha uuguzi, na baba yake alipiga pasi siku hiyo akiimba. Mwisho, anasema kwamba kikombe cha sita cha Mama Birika kiliokotwa chini ya benchi, tena kikiwa kimepoa. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana Wembe hakukishika. Mimi ndiye niliyekishika. Kilikuwa mezani kwa binti, kando ya kitabu, ndani ya chumba kilichofungwa tangu asubuhi, baada ya mabishano yetu yote yale. Kilikuwa kitupu, na kilikuwa cha moto kiasi kwamba niliposhuka nacho ngazi nilikuwa nikikihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.